Waya Ukichomolewa: Kisa cha Draiva Iliyoiua Kerneli Mara Tatu

Wenzangu, asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi. Waliotangulia jukwaani wamezungumzia kasi, wengine wamezungumzia akili za mashine, na mimi nimekuja kuzungumzia kuchomoa waya. Mtu ana kompyuta, kuna kifaa kimechomekwa kwenye tundu la USB, anakichomoa, na kompyuta nzima inakufa. Ingekuwa programu moja imejifunga tungesamehe. Hapa kipanya kimeganda, kibodi haijibu, na kazi ambayo mtu hakuihifadhi imekwenda na maji.

Hitilafu hiyo nililala nayo na kuamka nayo kwa karibu miezi miwili. Niliitengeneza mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilitangaza kifua mbele kwamba imekwisha.

Kifaa chenyewe ni hiki hapa mezani, kipima joto cha USB, hakizidi kidole gumba. Baadaye nitamwomba mmoja wenu akichomoe. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, haikuwemo ndani ya Linux rasmi. Tuliipokea kutoka kwa waliotengeneza kifaa, ambao sitawataja, na niwatendee haki kwa kusema kwamba ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko draiva nyingi nilizowahi kusoma. Mistari kama 400. Ukiipitia kutoka juu mpaka chini, huoni kosa. Kila fankisheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, peke yake iko sawa. Tatizo la kuondoka kwa kifaa halikai ndani ya fankisheni moja. Linakaa pale mbili zinapopishana.

Acha nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Ukichomeka kifaa, kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, inaita fankisheni ya draiva inayoitwa probe. Probe inaomba kipande cha kumbukumbu cha kuandikia habari zote za kifaa hicho: hali yake, joto la mwisho, makufuli yake, taima yake. Kipande hicho nitakiita daftari. Kisha inasajili faili ndani ya /dev, folda yenye majina ya vifaa, ili programu za kawaida ziweze kulifungua na kusoma joto. Kisha inapanga kazi ya kila sekunde moja, na kazi hiyo inatuma ombi la USB kuuliza, "joto ni ngapi?" Jibu likifika, fankisheni ya kupokea majibu inaandika namba daftarini na kupanga kazi ya sekunde inayofuata. Gurudumu linazunguka hivyo maisha yote ya kifaa.

Ukichomoa, kerneli inaita fankisheni nyingine, disconnect. Na disconnect ya draiva hii ilifanya mambo mawili tu: ilifuta usajili wa faili, ikaachia kumbukumbu ya daftari kwa kfree. Basi.

Sasa hesabuni ni nani wanalijua daftari lile lilipo. Kuna taima ya kila sekunde. Kuna ombi la USB ambalo huenda liko njiani. Kuna kila programu iliyofungua faili na haijalifunga. Na kuna disconnect yenyewe. Wanne wana anwani ya nyumba moja; mmoja anaibomoa na kuondoka, watatu hawana habari.

Watu wengi wakisikia "kompyuta imekufa kwa sababu ya USB" wanakumbuka Aprili 20, 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX kule Chicago, Chris Capossela wa Microsoft alipochomeka skana mbele ya Bill Gates kuonyesha Windows 98, na skrini ikageuka bluu mbele ya ukumbi mzima. Kisa kizuri, na kila mtu hukicheka. Lakini ile ilikuwa kuchomeka, na kuchomeka kwa maoni yangu ndio upande mwepesi. Kifaa kinachoingia hakidai wala hakidaiwi. Kinachoondoka kimeacha madeni kila mahali, na wadai wake hawako mahali pamoja.

Turudi kwenye yangu. Ripoti ya kwanza niliyoletewa ilionyesha kerneli imeangukia ndani ya msimbo wa mfumo wa mafaili. Mafaili! Nikazama humo wiki mbili. Nilisoma msimbo ambao maelfu ya watu wameusoma kabla yangu, nikitafuta kosa ambalo halikuwepo. Mstari ulioanguka alikuwa marehemu, mimi nikawa namhoji kama muuaji.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kumbukumbu ikiachiwa kwa kfree haifutwi. Inarudishwa kwenye rundo la vipande vya ukubwa wake, na mwombaji anayefuata wa ukubwa ule ule anaweza kupewa kipande kile kile. Daftari letu lilikuwa kwenye rundo la baiti 256, rundo ambalo nusu ya kerneli inachota humo. Kwa hiyo waya ukichomolewa, daftari linaachiwa, sehemu ya mafaili inapewa kipande kile, inaandika mambo yake kwa amani, halafu jibu la ombi lililokuwa njiani linafika na kuandika hali ya joto katikati ya habari za mtu mwingine. Dakika kadhaa baadaye mwenye habari zake anazisoma, anakuta takataka, anaifuata kama anwani, na kerneli inaanguka. Jina lake ndilo linaloandikwa kwenye ripoti.

Kilichoniokoa ni herufi na namba: 6b. Niliwasha kerneli kwa kuongeza slub_debug=P kwenye mstari wa kuanzishia. Ukifanya hivyo, kila kumbukumbu inayoachiwa inapakwa baiti 0x6b kuanzia mwanzo, na baiti ya mwisho kabisa inapakwa 0xa5. Nikachomoa waya. Safari hii kerneli haikusubiri dakika kadhaa; ilikufa ndani ya sekunde moja, na kwenye skrini anwani iliyoshindikana ilikuwa 6b6b6b6b6b6b6b6b. Nilicheka peke yangu chumbani. Anwani hiyo ukiiona huhitaji kuuliza: kuna mtu amesoma pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, kutoka ndani ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Kama kuna kitu kimoja mtaandika leo kwenye karatasi, andikeni hicho.

Nilijua sasa aina ya kosa, lakini bado sikumjua mhusika. Hapo nikaikompaili kerneli upya nikiwa nimewasha KASAN, mkaguzi wa matumizi ya kumbukumbu, ambayo imekuwemo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015. KASAN inatenga sehemu ya nane ya kumbukumbu yote kuwa kivuli: kila baiti 8 za kumbukumbu zina baiti 1 ya kivuli inayosema kama zinaruhusiwa kuguswa. Mkompaili, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, anaweka ukaguzi kabla ya kila kusoma na kila kuandika. Mashine inakuwa nzito kama imebeba mawe, lakini ukivunja sheria unakamatwa mlangoni, kabla hujamwangukia jirani.

Ripoti ya KASAN ni ushahidi wa watu watatu. Wa kwanza ni aliyegusa sasa hivi. Wa pili ni aliyeiomba kumbukumbu hiyo zamani. Wa tatu ni aliyeiachia. Kwangu ilisomeka hivi: imeombwa na probe ya draiva ya joto, imeachiwa na disconnect ya draiva ya joto, na aliyegusa ni msimamizi wa mataima wa kerneli, kwenye baiti ya 88 ndani ya kipande cha baiti 256. Msimamizi wa mataima hana kosa, yeye anapita kwenye orodha yake kama tarishi. Nilitumia programu ya pahole kuona ramani ya daftari letu, na kwenye baiti ya 88 pamekaa taima ya kazi ya kila sekunde. Wiki mbili za kusoma msimbo wa mafaili, na jibu lilipatikana asubuhi moja.

Kiraka cha kwanza kikawa cha mstari mmoja: ndani ya disconnect, kabla ya kfree, ita cancel_delayed_work_sync. Fankisheni hiyo inaondoa kazi iliyopangwa, na kama kazi imekwisha kuanza, inaisubiri imalize. Neno sync pale mwishoni ndilo lenye thamani. Kuna dada yake asiye na sync, ambaye anaondoa kilichopangwa na kuondoka bila kumsubiri aliyekwisha kuanza, na nimekuta draiva zaidi ya moja zikimtumia huyo kwenye disconnect kwa imani kubwa.

Nikachomoa waya. Kompyuta haikufa. Nikachomoa mara kumi, haikufa. Nikatangaza ushindi, nikaenda nyumbani.

Kesho yake mwenzangu ananiambia tundu la USB halifanyi kazi. Anachomeka kifaa kingine, hakitambuliki. Kompyuta inaendelea kama kawaida, lakini habu ile ya USB, kigawanyaji kinachohudumia matundu, imekuwa kiziwi. Kwenye logi kulikuwa na onyo kwamba kworker mmoja, mfanyakazi wa ndani wa kerneli, amekwama kwa zaidi ya sekunde 120.

Nilichofanya ni upuuzi wa kawaida. Disconnect ilikuwa inashika kufuli la daftari, ambalo linashikwa na mmoja tu kwa wakati, mwanzoni na kuliachia mwishoni, na mimi niliupachika mstari wangu katikati. Kazi ya kila sekunde nayo huanza kwa kushika kufuli lile lile. Kwa hiyo mara moja moja, wakati umepangana vibaya, disconnect ameshika kufuli anasubiri kazi imalize, na kazi inasubiri kufuli liachiwe ili ianze. Hakuna anayekufa na hakuna anayesogea. Na disconnect haiitwi hewani. Anayeiita ni yule yule anayeshughulikia matukio ya habu, kwa hiyo naye amekwama pale, na kila utakachochomeka baada ya hapo hakina wa kukipokea.

Lockdep ingeniambia. Ingo Molnar aliiingiza kwenye Linux mwaka 2006, toleo la 2.6.18, na kazi yake ni kufuatilia nani anashika kufuli gani akiwa ameshika lipi, ikiwemo kusubiri kazi za kwenye foleni, na kupiga kelele hata kama mkwamo wenyewe haujatokea. Sikuwa nimeiwasha. Niliona KASAN inatosha, na mashine ilikuwa nzito tayari. Tangu siku hiyo siandiki draiva bila zote mbili.

Nikautoa mstari nje ya kufuli. Na bado, baada ya kuchomoa mara nyingi, mara moja kati ya mia na ushee hivi, KASAN ilipiga kelele tena, taima ile ile. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie.

Kumbukeni gurudumu: kazi inatuma ombi, jibu linapanga kazi. Nilikuwa naifuta kazi kisha naachia daftari. Lakini kama ombi liko njiani wakati naifuta kazi, ombi hilo litarudi na kosa, maana kifaa hakipo, na fankisheni ya kupokea majibu haikuwa inatazama kama jibu ni la heri au la shari. Inapanga kazi upya. Kwa hiyo naifuta kazi, ombi linaifufua. Nikigeuza, nikaua ombi kwanza kisha nikafuta kazi, kuna mwanya mwembamba ambapo kazi iliyokwisha kuanza inatuma ombi jipya baada ya mimi kuua lile la kwanza. Ukimshika kichwa, mkia unachomoka.

Dawa ni kuhakikisha mmoja wao akifa hafufuki. Upande wa USB kuna usb_kill_urb, inayoua ombi lililopo na kusubiri, na kuna usb_poison_urb, inayofanya hivyo hivyo na zaidi ya hapo inalitia ombi sumu: yeyote atakayejaribu kulituma tena atakataliwa. Kwa hiyo utaratibu ni sumu kwanza, kufuta kazi baadaye. Baada ya sumu, jibu la mwisho likipanga kazi, sawa, kazi hiyo itafutwa. Na kama kazi imekwisha kuanza, ikijaribu kutuma ombi itagonga ukuta. Gurudumu limevunjwa mahali pamoja, na hapo panatosha.

Msidhani mduara huu ni wa draiva za uchochoroni. Mataima na foleni za kazi zimezungushana hivi ndani ya kerneli kwa miaka, na ni Linux 6.2 ya mwaka 2023 iliyoleta timer_shutdown_sync, ambayo inaizima taima kwa namna ambayo hata mtu akijaribu kuiwasha tena inabaki imezimika.

Nikatangaza ushindi wa pili. Hujifunzi, mtasema. Ni kweli.

Anguko la tatu lilinivuruga kwa sababu ya muda wake. Waya ulichomolewa, kompyuta ikaendelea. Mtumiaji akafanya kazi zake. Dakika kumi baadaye akafunga programu iliyokuwa ikichora mstari wa joto, na kompyuta ikafa wakati ule ule. Yeye akaripoti kwamba programu ya kuchora inaua kompyuta. Ungekuwa wewe ungeripoti nini?

Programu ile ilikuwa imefungua faili letu tangu asubuhi. Draiva ilipofuta usajili, jina lilitoweka kwenye /dev, na mimi nikadhani mlango umefungwa. Kufuta usajili kunazuia wageni wapya. Waliokwisha kuingia wamo ndani, na fankisheni za draiva bado zinaweza kuitwa nao muda wowote: kusoma, kusubiri, kufunga. Maelezo ya cdev_del, fankisheni ya kufuta usajili wa aina hii, ndani ya kerneli yanasema jambo hili waziwazi, na mimi nilikuwa nimeyasoma zaidi ya mara moja bila kuyasikia. Kwa hiyo programu ilipofunga faili, kerneli iliita fankisheni ya draiva inayoitwa release, release ikalifungua daftari kupunguza hesabu fulani, na daftari lilikuwa limeachiwa dakika kumi zilizopita.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu nilichopaswa kukijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nachanganya vifo viwili. Kifaa kinaondoka mkono wa mtu unapovuta waya, na hilo halina mjadala. Daftari la kifaa linaondoka mtu wa mwisho anayelishika anapoliachia, na huyo anaweza kuwa programu iliyosahauliwa nyuma ya dirisha jingine tangu juzi. Draiva ile, na mimi pamoja nayo, ilidhani disconnect ndiyo siku ya kuzika vyote viwili.

Ukishaliona hivyo, kazi inayobaki ni ya mikono. Daftari linapewa hesabu ya washikaji. Kerneli inayo tayari, inaitwa kref. Probe inaanza na mmoja. Kila anayefungua faili anaongeza mmoja, kila anayefunga anapunguza. Disconnect naye anapunguza wake na kwenda zake. Yeyote anayeifikisha hesabu sifuri, awe nani, ndiye anayezima taa na kuachia kumbukumbu. Disconnect haina tena kfree ndani yake hata moja.

Lakini hesabu peke yake inakupa daftari hai la kifaa mfu, na mtu atakuja kulisoma akidhani kifaa kipo. Kwa hiyo ndani yake niliweka alama moja, "kimeondoka", inayowashwa na disconnect kufuli likiwa mkononi. Kila fankisheni inayotoka kwa mtumiaji inashika kufuli kwanza, inatazama alama, na kama imewaka inarudisha ENODEV, yaani hitilafu namba 19, hakuna kifaa hicho. Kutazama alama bila kushika kufuli ni kujifurahisha tu. Unaweza kuitazama ikiwa imezimika, na kabla hujapiga hatua ya pili waya umetoka.

Wakabaki waliolala. Programu inayosubiri joto jipya inalazwa na kerneli mpaka jibu lifike, na jibu la kifaa kilichoondoka halitafika. Inabidi disconnect iwaamshe wote. Niliwaamsha. Hawakuondoka! Niliangalia nusu siku kabla ya kuona: mlalaji akiamshwa anauliza swali lake lile lile, "kuna joto jipya?" Halipo. Anarudi kulala, safari hii moja kwa moja. Sharti la kuamka lazima liwe na nusu ya pili, "au kifaa kimeondoka". Neno moja, "au", na nusu ya siku.

Kuna rafiki yangu, mtu ninayemheshimu sana kwa kazi hii, aliyenishauri niachane na yote haya nitumie devm_kzalloc, kumbukumbu inayojiachia yenyewe. Naiheshimu devm kwa mambo mengi. Lakini inajiachia pale draiva inapotenganishwa na kifaa, yaani wakati ule ule wa disconnect, na haijui lolote kuhusu programu iliyoshika faili. Msimbo ungekuwa mfupi na safi, na kompyuta ingekufa dakika kumi baadaye vile vile.

Na kwa wale mnaofanya kazi na PCIe, njia nyingine ya kuunganisha vifaa na kompyuta, mkadhani haya ni ya watu wa USB: kifo hakipigi hodi kwenu pia. Kifaa cha PCIe kikichomolewa, kwa mfano kupitia waya wa Thunderbolt, kusoma rejista zake, visanduku vyake vya hali, kwa kawaida hakukupi kosa. Unarudishiwa biti zote zikiwa 1, yaani ffffffff. Draiva iliyoandikwa "zunguka mpaka biti hii iwe sifuri" itazunguka mpaka mtu azime umeme.

Sasa majaribio, maana bila hayo mngekuwa mnanisikiliza nikitangaza ushindi wa tatu wa uongo.

Kuchomoa kwa mkono hakutoshi. Mkono unachoka, tundu linalegea, na mwanya unaoutafuta una upana wa sekunde ndogo mno. Njia ya kwanza ni kuupanua mwanya. Niliingiza usingizi wa sekunde 2 ndani ya read, kati ya kutazama alama na kugusa daftari, nikaendesha programu ya kusoma, nikachomoa waya ndani ya sekunde hizo. Kosa lililokuwa linatokea mara moja kwa mia likawa linatokea kila mara, na kiraka kikawa na cha kujipimia.

Njia ya pili ni kuandika jina la kifaa ndani ya faili la unbind kwenye sysfs, mafaili ya kudhibiti draiva, ili draiva itenganishwe na kifaa, kisha bind ili irudishwe, tena na tena kwa hati fupi. Niliiacha ikizunguka usiku kucha mara 10,000 huku programu tatu zikifungua na kufunga faili bila mpango. Ila hapa pana mtego: unbind inamwita disconnect wakati kifaa bado kipo na kinajibu. Maombi yanaweza kufanikiwa. Njia za makosa, ambako ndiko uozo ulikokaa, huenda zisipitiwe. Unahitaji yote mawili, unbind na mkono.

Kuna na njia ya tatu ya wenye subira: kifaa cha bandia ndani ya kompyuta ya bandia, kwa dummy_hcd, draiva ya tundu la USB la bandia, bila waya wowote. Ndivyo syzkaller, programu ya kusaka hitilafu za kerneli, inavyofanya upande wa USB. Andrey Konovalov aliitumia kuzichokonoa draiva za USB za Linux, na Novemba 2017 akatangaza hadharani udhaifu 14 kwa mpigo, mwingi ukiwa wa jamii hii ya kugusa yasiyogusika. Draiva hizo zilikuwa zinatumika kwa miaka, na watu walikuwa wanachomoa waya kila siku.

Mtaniuliza kuhusu Rust, lugha ya programu inayolinda kumbukumbu, kwa hiyo nijibu kabla. Imo ndani ya Linux tangu 6.1 ya Desemba 2022, na naamini ingenizuia mlangoni kwenye anguko la kwanza na la tatu, maana isingekubali daftari liachiwe na mtu bado analishika. Kwenye habu iliyokuwa kiziwi isingenisaidia. Watu wawili kusubiriana ni halali kabisa machoni pa Rust.

Kiraka cha mwisho kilipopelekwa kuhakikiwa kilirudi na swali moja tu. Mhakiki aliuliza: anayefungua faili anaongeza hesabu, sawa, lakini kati ya kulipata daftari na kuongeza hesabu, ni nani anayelishikilia? Nilisoma swali lile nimesimama, nikakaa. Hakuna aliyelishikilia. Draiva ilikuwa imejisajilia faili kwa njia yake yenyewe, na mwanya ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Sikutaka kubuni kufuli jingine. Nilihamia kwenye usb_register_dev, ambapo kiini cha USB chenyewe kinashika kufuli lake muda wote ambao open inaendelea, na usb_deregister_dev inabidi isubiri. Mistari ikapungua. Mwanya ukaziba bila mimi kuandika kufuli hata moja.

Kwa hiyo disconnect ya leo inakwenda hivi: inafuta usajili, inawasha alama ndani ya kufuli, inaachia kufuli, inaamsha waliolala, inatia ombi sumu, inafuta kazi, inapunguza hesabu yake. Ukibadilisha nafasi ya kufuli na kufuta kazi, unarudi kwenye habu kiziwi. Ukibadilisha sumu na kufuta kazi, unarudi kwenye ile mara moja kwa mia. Nimeuandika utaratibu huu juu ya fankisheni kama maelezo, na sababu ya kila hatua, kwa sababu najua baada ya miaka miwili atakuja mtu nadhifu kuupanga upya ili upendeze. Huenda nikawa mimi.

Haya. Kifaa kimechomekwa, kwenye skrini nyuma yangu mnaona joto la ukumbi huu, linapanda kidogo kidogo kwa sababu mmejaa. Dirisha la kushoto ni programu inayosoma, la kulia ni logi ya kerneli, na KASAN na lockdep zote zimewashwa. Wewe uliye mbele hapo, njoo. Usinihesabie, usiniambie unavuta lini. Vuta tu.

Tazameni kushoto: hitilafu namba 19, hakuna kifaa hicho. Kulia: mstari mmoja wa kusema kifaa kimetoka. Sasa naifunga programu... na kishale bado kinapepesa. Kirudishe mahali pake, ndugu. Joto limerudi. Karibuni maswali, na anayetaka kuja kuvuta tena aje.